Senti Kumi Chini ya Msumari

Bibi yangu alikuwa akisema nyumba yake imepigiliwa kwa hela, nami sikumwamini. Alisema babu alipoezeka bati, mwaka waliofunga ndoa, kila msumari aliupitisha kwenye senti kumi, zile za zamani zenye tundu katikati. Pale Kirua Vunjo habari hiyo ilishageuka utani. Wenzake wa kwaya walikuwa wakimwuliza, "Mama, mvua ikinyesha kwako zinadondoka noti?" Alicheka nao, lakini kicheko kiliishia mlangoni.

Mimi nilimuumiza zaidi, kwa sababu nilimwuliza kisomi. Nilikuwa likizo kutoka chuo, nimeshaanza kukusanya sarafu za zamani, najiona najua kipi cha kweli na kipi cha kubuni.

"Bibi, uliziona kwa macho yako, au uliambiwa?"

"Nilimshikia ngazi."

Nikamweleza kwamba kumbukumbu za watu hubadilika kadiri zinavyosimuliwa. Aliniangalia kidogo, akaendelea kumenya ndizi.

Desemba iliyopita, watoto wake waliporudi nyumbani kwa Krismasi, walikubaliana kubadilisha paa. Baba mdogo alikuwa ameshawauzia mabati ya zamani watu wa chuma chakavu wa Himo, na gari lao lingefika saa kumi jioni. Nilijua kwamba gari likiondoka, maneno ya bibi yatabaki utani mpaka siku ya kumzika.

Asubuhi nilipanda juu pamoja na fundi. Paa lilikuwa limepakwa lami kila lilipowahi kuvuja, tabaka juu ya tabaka, hata vichwa vya misumari havikuonekana. Fundi aling'oa wa kwanza. Chini ya kichwa chake kulikuwa na washa ya mpira, kile kiduara cha kuzuia maji, ya kawaida kabisa. Wa pili vilevile. Wa kumi vilevile.

"Msomi, shuka ukanywe chai," alisema. "Hapa hakuna benki."

Nilikuwa nimesema kweli tangu mwanzo, na sikufurahi hata kidogo. Nikachungulia chini. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo kwetu, anachambua maharage kana kwamba paa ni la jirani.

"Bibi," nikaita, "siku ile ngazi uliishika upande gani?"

Hakuinua kichwa. "Upande wa zizi. Huko mliko baba yako mdogo alileta mafundi wakabadilisha. Hukuniuliza."

Kweli sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa nimeuliza kama ni kweli, sikuuliza wapi. Tukahamia upande wa zizi la ng'ombe. Nilikwangua lami kwa ncha ya bisibisi mpaka mduara wa shaba ukatokea, mkubwa kuliko washa yoyote, msumari umesimama katikati ya tundu lake. Fundi akaacha kutania. Tulifanya kazi mpaka mchana, na kopo la maziwa likajaa zaidi ya nusu.

Niliporudi kutoka barabarani, nilikokwenda kuwapokea wale wa chuma chakavu, nilimkuta bibi kwenye bomba. Alikuwa amezisugua sarafu zote kwa majivu na steelwire, kama anavyosugua sufuria. Zilikuwa zinang'aa kama zimetoka kiwandani jana. Anayekusanya sarafu anajua maana yake: ile rangi ya miaka ndiyo thamani, na ikishaondoka hairudi.

"Zilikuwa chafu," alisema. "Na kesho Jumapili."

Nilikaa chini nikazisoma moja moja. Hakuna hata moja iliyotengenezwa baada ya mwaka wa ndoa yake. Na moja ilikuwa na jina la yule mfalme wa Uingereza aliyeacha kiti kabla hajavishwa taji, sarafu niliyoitafuta sokoni Moshi tangu mwaka wa pili wa chuo. Miaka yote ilikuwa paani, juu ya kitanda nilicholalia kila likizo.

Kesho yake baada ya ibada, watu wakiwa nje kwenye mnada wa sadaka, mikungu ya ndizi na kuku vikiuzwa, bibi alifungua kitambaa chake. Alimpa kila mwanakwaya sarafu moja. "Shika. Ona tundu. Washa zilikuwa zimeisha mjini na mvua ilikuwa inakuja. Mlidhani mume wangu alikuwa anajidai?"

Yule wa utani wa noti aliigeuza ya kwake, akachungulia tunduni. "Haya mama," alisema, "tumekoma."

Bibi alizikusanya zote bila haraka. Kisha akanishika mkono na kuwaambia, "Huyu ndiye aliyezitoa." Hakuwaambia mengine.

Wiki iliyofuata nilizipeleka mjini kwa mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye familia yake ya Kihindi imefanya biashara Moshi tangu enzi za sarafu hizo. Naye ni mkusanyaji. Aliweka ile ya mfalme chini ya lenzi, akasikitika.

"Nani kaisugua hii?"

"Bibi yangu."

"Kaiua, kijana. Usimwonyeshe mtu anayejua."

Nimeiweka ukurasa wa kwanza wa albamu yangu. Namwonyesha kila mtu, na wanaojua nawaonyesha kwanza.