Dohani ya Mama Ki-taek

Siku ya tatu baada ya kumzika mdogo wake, Jeong-nim alipanda kilima kwenda kwenye chumba alichokuwa amepanga marehemu, achukue nguo zake. Akakuta sakafu imebandikwa karatasi mpya ya mafuta, inang'aa kama sahani.

"Jumamosi wanahamia maharusi," alisema Mama Ki-taek, mwenye nyumba. "Mke ana mimba. Sikutaka wakute uchafu."

"Na dohani?"

"Dohani ina nini?"

Damu ilimchemka Jeong-nim. Yeon-sil, mdogo wake, mshona makoti wa miaka ishirini na miwili, alilalamika vuli nzima kwamba moshi wa makaa, unaopitishwa chini ya sakafu kukipasha chumba joto, haupandi dohani, unarudi na kupenya kwenye nyufa za sakafu. Seoul yote inajua: makaa na karatasi ni juu ya mpangaji, dohani ni juu ya mwenye nyumba. Mama Ki-taek akamwambia abandike karatasi juu ya nyufa, basi. Maskini akabandika. Karatasi ilificha nyufa, haikuzuia gesi. Majirani walipomkuta asubuhi walimnywesha maji ya kimchi, figili zilizochachushwa, dawa ya gesi ya makaa waliyofundishwa na bibi zao, lakini mwili ulikwisha kupoa.

"Kwa hiyo na hawa unawapangisha kaburi?"

"Chunga ulimi, binti! Tunasali kanisa moja. Yale yalikuwa mapenzi ya Mungu. Na rambirambi si nilileta? Won elfu kumi nzima!"

"Mungu alipanda lini paani kwako akaziba dohani? Usimsingizie!"

Kichochoroni upatu ukalia. Alikuwa Mzee Pae, mzibua dohani, akiita wateja, na ufito wake mrefu wa mwanzi kaukunja begani. Jeong-nim akamvuta mkono mpaka uani. Mzee akachungulia, akagonga, akasikiliza.

"Bomba la juu limevunjika, vipande vimeangukia ndani. Kuzibua na kuweka jipya, won elfu nne."

"Elfu nne," Jeong-nim alirudia. "Mama Ki-taek, umesikia? Elfu nne!"

Jeong-nim akachomoa ile bahasha ya rambirambi, bado imefungwa, akampa mzee.

"Toa humo. Na huyu atakushikia ngazi."

"Mimi? Kwa umri huu?"

"Wewe. Magoti yanayopanda kilima kila alfajiri kwenda maombi hayawezi kushindwa na ngazi."

"Shika, Mama Ki-taek," jirani mmoja alidakia akichungulia juu ya ukuta, "mwenzio asije akaanguka, ukasema tena ni mapenzi ya Mungu!"

Akashika.

Kabla ya chakula cha mchana kazi ilikwisha. Kilitoka kifusi cha ndoo mbili, na makaa yalipowashwa moshi ukapanda wima juu ya paa. Mzee Pae akarudisha chenji. Jeong-nim akaitia kwenye mfuko wa aproni ya mwenye nyumba. Kisha akapiga magoti juu ya ile karatasi mpya kumwombea mdogo wake. Sala haikuja. Kilichomtoka kilikuwa ukelele.

"Asubuhi moja, Bwana! Ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu!"