Habari ya Kuokota

Insha ile ilinipatia alama nzuri kuliko zote nilizowahi kupata chuoni, na lau ningeiona leo ningeitia moto mbele ya watu. Nasema hivi nikiwa mtu mzima mwenye mvi, niliyeambiwa na wengi kwamba hasira ni za shetani. Waache waseme, hawajui nilichokifanya.

Majina ya watu sitayaandika humu. Nilipewa nafasi ya kuyaandika mahali yalipohitajika, nikayafuta kwa mkono wangu mwenyewe. Kuyaandika leo, wakati hayamfai tena mtu yeyote, ni kujipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Niliyemkosea ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Alikaa Mwananyamala, zama zile ambapo Mwananyamala ilikuwa mashamba ya minazi, mikorosho na mihogo, na mtu akitoka huko kwenda Kariakoo alisema anakwenda mjini. Nyuma ya nyumba yake, upande wa bondeni, palikuwa na makaburi saba ya wazee wetu. Hayakuwa na saruji wala maandishi, ila mawe kichwani na miguuni tu. Kila Alhamisi shangazi aliyafagia na kuyafukiza ubani. Alijua kila kaburi ni la nani, aliyelala humo alikufa kwa nini, na nani alimpa yeye habari hiyo.

Shangazi hakusimulia jambo lolote kabla ya kumtaja aliyempa. "Mie nimeambiwa na bibi yangu," alianza, akitaja jina la bibi yake na la baba wa bibi yake. "Bibi yangu kaambiwa na mkwewe," jina tena na jina la baba. "Na mkwewe alikuwepo, kaona kwa macho yake." Hapo ndipo hadithi ilipoanza. Sisi watoto tulichoshwa na majina yale, tukajaribu kuyaruka ili tufike kwenye utamu, naye alitukatiza papo hapo. "Hiyo habari ya kuokota," alisema. "Umeiokota njiani, hujui nani kaitupa." Katika nyumba ile hilo lilikuwa tusi.

Nilipopata nafasi ya chuo nilisafiri kwa garimoshi mpaka ziwani, kisha kwa meli. Mwalimu wetu wa historia alikuwa Mzungu mrefu mwenye kikohozi kisichopona. Siku ya kwanza alituambia kwamba kila sentensi ina mwenyewe. Ukiandika jambo, useme nani kalisema, katika kitabu gani, ukurasa wa ngapi. Alitufundisha kutumia kadi ndogo: jambo moja, kadi moja, na juu yake jina la mwenye habari, kisha kadi zote zipangwe kwa alfabeti ndani ya kisanduku. Wenzangu walinung'unika kwamba kazi hiyo ni ya makarani. Mimi nilicheka kwa furaha, maana niliona nimemkuta shangazi kavaa suruali.

Mwaka wa mwisho kila mmoja wetu alitakiwa kuandika insha ndefu yenye tanbihi chini ya kila ukurasa na orodha ya marejeo nyuma. Nikachagua kuandika habari za makazi ya zamani kutoka Mwananyamala hadi Kawe. Likizo nzima nilikaa kwenye baraza ya shangazi na kadi zangu ndani ya kopo la biskuti. Aliniuliza vikaratasi vile ni vya nini. Nilipomweleza, aliacha kupepeta mchele akanitazama vizuri.

"Kumbe Wazungu nao wana adabu," alisema.

Tangu hapo alinisimulia kama mtu anayekabidhi amana. Kila jioni alitaka nimsomee kadi za siku hiyo. Nikikosea jina la baba wa mtu, nilifuta na kuandika upya mbele yake. Makaburi peke yake yalichukua kadi kumi na moja.

Nilirudi chuoni nikaandika. Chini ya kurasa niliweka kila kitu kama nilivyofundishwa: jina la shangazi, mahali alipo, mwezi niliozungumza naye, kisha mlolongo wote wa waliompa habari, mmoja baada ya mmoja. Niliona fahari. Nadhani hakuna mwanafunzi aliyekuwa na tanbihi safi kuliko zangu.

Mwalimu alinirudishia insha ikiwa imechorwa wino mwekundu. Maelezo yangu aliyaandikia maneno machache tu pembeni, lakini tanbihi alizikata, zote. Akaniita ofisini.

"Huyu mtu unayemtaja ni nani?"

"Ni shangazi yangu, bwana."

"Ameandika kitabu gani?"

"Hajaandika kitabu, bwana. Ni mwenye habari."

"Basi huyu si rejeo," alisema, akakohoa. "Huyu ni jamaa yako."

Akaniambia iko taarifa iliyochapwa ya ofisa mmoja wa Kijerumani aliyewahi kupita sehemu zile. Nitumie hiyo. Nikaenda maktaba nikaisoma. Mjerumani yule alilala huko siku mbili. Aliandika kwamba wenyeji hawana kumbukumbu ya mambo ya kale, halafu akaeleza kwa kirefu jinsi mguu wake ulivyovimba. Nani alimwambia kwamba hatuna kumbukumbu? Hakusema, na hakuna aliyemuuliza. Shangazi yangu, aliyetaja kila shahidi na baba yake kabla ya kuanza hadithi, hakuwa rejeo. Mtu wa siku mbili mwenye mguu uliovimba alikuwa rejeo kwa kuwa maneno yake yamepita kiwanda cha chapa. Damu ilinichemka pale pale maktaba, na inachemka sasa hivi ninapoandika.

Lakini hasira yangu ya siku ile haikufanya kazi. Zilibaki wiki tatu. Bila insha hakuna cheti, na baba, karani aliyejinyima miaka mingi, alikwisha watangazia watu wote wa msikitini kwamba mwanawe anarudi na elimu kubwa. Ninazo sababu nyingine pia, nikitaka kuzipanga. Hakuna hata moja inayonisaidia.

Nikaketi, nikafuta. Mahali pa kadi kumi na moja niliandika sentensi moja, kwa Kiingereza, ambayo kwa lugha yetu ni hii: "Wenyeji husema kwamba pana makaburi ya kale mahali hapo, lakini hakuna ushahidi wowote wa kutegemewa."

Nusu ya kwanza niliamriwa. Mwalimu mwenyewe aliandika pembeni kwamba niweke "wenyeji husema" na kuendelea mbele. Nusu ya pili hakuniambia mtu. Niliitunga mimi, kwa sababu nilikwisha jua ni maneno ya namna gani yanayompendeza, na nilitaka apendezwe. Alipoisoma akaweka alama ya vema kando yake.

Baadaye aliniomba nakala ya insha nzima. Nilimpa kwa mikono miwili.

Miaka michache ikapita. Nilikuwa mwalimu wa shule Temeke, nina baiskeli na saa ya mkononi, watu wananisalimu njiani. Ndipo wapima ardhi walipoingia Mwananyamala na minyororo yao na kuanza kupigilia vigingi. Serikali ilitaka kukata viwanja, na barabara moja ilipangwa kupita bondeni, juu ya makaburi.

Shangazi hakupinga viwanja. Alinitumia mtu nikaenda, nikamkuta kakaa barazani na kigingi walichokipigilia karibu na choo chake kakiweka mapajani, kaking'oa mwenyewe.

"Watu wanataka pa kulala, wajenge," aliniambia. "Ila barabara iyazunguke makaburi. Hatua ishirini tu, sitaki zaidi. Bwana Shauri kasema mwenye neno aende akaseme. Twende wote, mwanangu, wewe ndiye unayejua kuandika nani kasema nini."

Tulifika kwa Bwana Shauri saa tatu asubuhi. Ofisa huyo wa wilaya alikuwa kijana wa Kizungu, mgeni wa nchi, mwenye Kiswahili cha kitabuni, na nitasema haki: hakuwa mkali. Alimpa shangazi kiti. Akamuuliza anajuaje kwamba yale ni makaburi na si mawe tu.

Shangazi alijitengeneza kanga, akaanza. "Mie nimeambiwa na bibi yangu," jina, jina la baba. Alitaja wote bila kusita, akafika kwa yule aliyekuwepo na kuona kwa macho yake, ndipo akaanza kaburi la kwanza. Bwana Shauri alisikiliza mpaka la tatu. Kisha akafungua jalada lililokuwa mezani, akaniambia kwa Kiingereza kwamba ofisi ilikwisha fanya uchunguzi wake na ipo taarifa ya mtaalamu. Nimsomee bibi, kisha nimfasirie.

Jalada lilikuwa na jina la mwalimu wangu kwa herufi kubwa. Nilifungua pale palipowekwa alama, nikaiona sentensi yangu.

Ilikuwa insha yangu, neno kwa neno, imepigwa chapa upya. Nilipekua mbele na nyuma kutafuta jina langu, halikuwepo mahali popote. Mtu yule aliyenifundisha kwamba kila sentensi ina mwenyewe alibeba kurasa zangu zote bila kuniandikia hata mstari mmoja chini ya ukurasa! Mwizi. Naandika neno hilo nikijua maana yake. Na mimi, niliyeibiwa, nilishusha pumzi nikafurahi kwamba nimeibiwa.

Nikasoma kwa Kiingereza, nikafasiri. Wenyeji husema. Hakuna ushahidi wowote wa kutegemewa.

Shangazi hakumtazama Bwana Shauri. Alinitazama mimi.

"Maneno hayo ya nani?"

"Ya Mzungu, shangazi. Mwalimu wa chuo."

"Naye kaambiwa na nani?"

Alikuwa anauliza alivyouliza siku zote, kwa adabu tu, kama anavyomuuliza mtu yeyote anayeleta habari. Alingoja nimtajie anayefuata. Anayefuata alikuwa amesimama mbele yake na tai shingoni.

"Hakusema," nikajibu.

Shangazi akatikisa kichwa. "Basi ni habari ya kuokota."

Bwana Shauri akataka kujua bibi kasema nini. Nilimwambia kwamba bibi amesikia.

Ningeweza kusema pale pale. Neno moja la Kiingereza kwa yule kijana: sentensi hii ni yangu, niliitunga, na ushahidi wote ninao nyumbani ndani ya kopo. Kadi zilikuwepo! Sikuwahi kuzitupa. Angeweza kunifukuza, angeweza kuniona mpumbavu, pengine asingebadili kitu. Lakini ningesema. Sikusema kwa sababu ya tai, na kwa sababu karani wa pale mlangoni alikuwa baba wa mwanafunzi wangu.

Njiani kurudi shangazi alinituliza. "Usihuzunike, mwanangu, umejitahidi. Mtu hawezi kushindana na asiyejua kaambiwa na nani." Nilitamani anipige.

Mwezi uliofuata katapila likapita bondeni. Walitupa siku saba za kuhamisha wafu wetu, shangazi akakataa kufukua mtu. Siku hiyo alikaa ndani na mlango wazi, akasikiliza mpaka mngurumo ulipokwisha. Mimi nilikuwa shuleni nikifundisha watoto wa watu historia.

Nilitaka kumwambia. Nilikwenda kila Ijumaa kwa nia hiyo, na kila Ijumaa nikapewa chai, nikaulizwa habari za shule, nikaondoka. Nilijiambia kwamba yamekwisha, makaburi hayarudi, ukweli utamwongezea uchungu mzee wa watu bure. Hivyo ndivyo mwoga anavyojipongeza.

Ijumaa moja nilifika nikamkuta kazungukwa na wajukuu zake, wanachambua kunde kwenye ungo. Alikuwa anawafundisha kusimulia, kama alivyotufundisha sisi, na habari ya siku hiyo ilikuwa ya makaburi. Watoto wale hawakuyaona. Walichokijua wao ni barabara. Mmoja wao, msichana wa miaka saba hivi, aliambiwa arudie sehemu ya mwisho. Akaanza mbio mbio, "Makaburi yalivunjwa kwa sababu Mzungu aliandika kwamba..."

Shangazi akampiga kofi dogo gotini. "Umeiokota wapi? Anza na aliyetupa."

Mtoto akakaa sawa, akaweka kunde chini. Akataja jina langu, akataja jina la baba yangu, akataja la babu, bila kukosea.

"Yeye ndiye aliyetuambia kwa kinywa chake," akaendelea, "kwamba maneno yale ni ya Mzungu, na Mzungu hakusema kaambiwa na nani."

"Sawasawa," shangazi akasema, kisha akanigeukia akitabasamu. "Shahidi mwenyewe huyu hapa. Kasema kweli mtoto, au kapunguza?"

Watoto wote wakanitazama.

"Hakupunguza," nikasema.