Kovu la Baba Kulwa

Kuna siku moja hainitoki kichwani, mwanangu, na huwa inanirudia hasa jioni, upepo unapopeperusha pumba za mpunga hapa Kagongwa na barabara nzima ikawa kama unaitazama kupitia chandarua. Nilikuwa bado kijana. Usicheke, hizi mvi sikuzaliwa nazo. Nilikuwa nimefungua studio ya picha, chumba kimoja kando ya mashine za kukoboa, na mali yangu kubwa ilikuwa laptopu mpya niliyoipenda kuliko inavyostahili kupendwa.

Haikumaliza hata mwaka, kioo chake kikaanza kuota ukungu katikati. Nilidhani ni vumbi. Nilipitisha kitambaa laini, ukungu haukutoka, na mwisho nikauzoea. Mchana usio na wateja nilikaa nikiutazama tu. Mara naona kisiwa, mara naona ng'ombe amelala, hatimaye usingizi unanichukua palepale kitini huku mashine za mpunga zikinguruma nje. Sikuwa na wasiwasi wowote.

Ndipo akaja Mama Kulwa, mfugaji wa kijiji cha upande wa Isaka, mtu mzima kwangu.

“Mwangaluka, mayu,” alinisalimu Kisukuma. “Wewe ndiye wa picha?”

“Shikamoo, mama. Ndiye mimi. Karibu.”

Alifungua pindo la kitenge akatoa picha ndogo iliyokunjika pembe. Ilikuwa ya marehemu mumewe, aliyekuwa mchimbaji kule Geita. Aliugua akafariki wakati mapacha wao, Kulwa na Doto, wangali wakibebwa mgongoni. Sasa watoto walikuwa wanasoma, na familia ilikuwa inajiandaa kulijengea kaburi. Picha hiyo ndiyo pekee iliyobaki. Alitaka niikuze, niitie fremu, iwepo siku ya kulijengea kaburi, kisha ikae ukutani.

“Hawamjui baba yao,” aliniambia. “Wakiniuliza alikuwaje, nashindwa nianzie wapi. Utawaonyesha wewe.”

Kazi ile niliifanya kwa moyo, Mungu ananijua. Niliiingiza picha kwenye laptopu, uso wa yule baba ukakaa palepale penye ukungu. Shavuni nikaona doa. Nikasema huu ni uchafu wa picha ya zamani, nikaanza kulifuta kwa ile brashi ya kwenye kompyuta. Halikutoka. Nikafuta tena, na tena, mpaka shavu lote nikalipitia. Mwanangu, ningeisogeza picha kidogo tu pembeni, ningeona kwamba doa halisogei nayo, kwamba liko kwenye kioo changu. Sikuisogeza. Nilipoichapa, shavu likatoka safi, nikaridhika.

Mama Kulwa aliipokea picha kwa mikono miwili. Akaisogeza karibu na macho.

“Huyu nani?”

“Baba Kulwa, mama.”

“Baba Kulwa alikuwa na kovu hapa.” Aligusa shavu lake mwenyewe. “Jiwe lilimrukia ndani ya duara, huko shimoni walikokuwa wakichimba. Huyu wako hajawahi kufanya kazi.”

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Niliichukua ile picha ndogo nikaisogeza mlangoni kwenye mwanga, nikaliona kovu, jembamba, linatoka chini ya jicho kuelekea sikioni. Nililifuta nikifukuza doa ambalo halikuwa lake. Aibu ilinishika hata nikakosa pa kuweka mikono.

Nilimwita jirani yangu, fundi simu, nikamwonyesha lile doa la kioo. Aliigeuzageuza laptopu kwenye mwanga wa jua, akasema kioo kina utando mwembamba wa kuzuia mng'ao, na utando huo ndio unaobanduka. “Lete spiriti na pamba,” akasema. “Tunausugua wote, kinabaki safi.” Nami, kwa ile hasira ya kuaibika, nilikuwa nimeshaishika pamba.

“Ulikonunua hiyo mashine, bado wapo?” Mama Kulwa akauliza.

“Wapo, mama, Mwanza. Na waranti haijaisha.”

“Sasa unasugua nini? Sisi ukinunua ng'ombe mnadani ukamkuta anaumwa, unamwita aliyekuuzia aje amwone akiwa bado amesimama. Ukishamchinja, huyo ni wako, pamoja na ugonjwa wake.”

“Lakini wanaweza kukaa nayo muda mrefu, mama. Na kaburi?”

“Kaburi litangoja. Mwenyewe amelala, hana haraka. Mwenye haraka ni mimi, na mimi sitaki mume wa mtu mwingine ukutani kwangu.”

Nikaiweka pamba chini.

Kesho yake nilipanda basi la Mwanza, laptopu nimeipakata kama mtoto mwenye homa. Kijana wa dukani alipoona madoa tu akasema, “Umesugua hiki kioo.” Nikamjibu nilichokifanya, sikuongeza wala sikupunguza: nilipitisha kitambaa laini kikavu, basi. Akaita mkubwa wake. Huyo alikiinamisha kioo kwenye taa, akakichunguza pole pole, hakuona mikwaruzo wala alama ya dawa. Aliona utando unajiachia wenyewe. “Tatizo hili kimetoka nalo kiwandani,” akasema. “Tutabadilisha kioo, hulipi kitu.” Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikayatazama yale mawe makubwa ya Mwanza yaliyopandana, nikawaza ile pamba. Ingepita mara moja tu, yule mkubwa wa duka angeniambia nini?

Nilisubiri wiki nyingi. Iliporudi, jambo la kwanza nililofanya ni kuiingiza upya ile picha ndogo. Kovu likanitokea wazi. Sikuligusa. Nilitengeneza pembe zilizokunjika, uso wake nikauacha ulivyokuwa.

Mama Kulwa alikuja na mapacha, wametoka shule, soksi zimejaa vumbi. Kulwa alisimama tu anaikodolea macho fremu. Doto alipeleka kidole shavuni pa yule baba.

“Mama, hapa alipoumia, alilia?”

Mama Kulwa akaketi kwenye benchi. “Alicheka,” akasema. “Alikuja nyumbani na bandeji nusu uso, anacheka, anasema jiwe limempiga chapa kama ndama.” Watoto wakacheka. Wakauliza lingine, akajibu, wakauliza lingine tena. Mama aliyekuwa hajui aanzie wapi alikuwa ameanza, na mashine za mpunga zilizimwa jioni ile akiwa bado anasimulia. Mimi nilijifanya napanga vitu, nalia.

Basi na wewe, mwanangu, ukinunua kitu kikakuonyesha kasoro, usikimbilie kukisugua, wala usimpe fundi wa njiani. Tunza risiti, kipeleke kilivyo kabla muda haujaisha, na ukiulizwa umekifanya nini, sema kweli. Hilo ni la kioo. La watu ni hili: ukiona doa usoni pa mtu, sogea kwanza, tazama kama doa linasogea naye. Na likiwa ni lake kweli, uliza kabla ya kufuta, huenda kuna watoto wanaomjua baba yao kwa hilo tu.

Nenda salama. Mungu akupe macho maangavu na mkono usio na pupa, na akujalie watu watakaoyajua makovu yako wakupende nayo.