Ekzosi Iliyobeba Jina la Dekow

Siku yangu ya kwanza kazini sikukabidhiwa spana. Nilikabidhiwa bomba la chuma lililojaa masizi, nikaamriwa nichungulie ndani. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika karakana ya idara ya mifugo mjini Garissa, na aliyeniamuru alikuwa Fundi Mkuu, mtu wa Lamu, mfupi, asiyecheka kabla ya chai ya saa nne.

"Unaona nini?" aliniuliza.

"Giza."

"Basi bado hujaona. Hiyo ni ekzosi, koo la pikipiki. Injini hula petroli na hewa, kisha moshi hutokea hapo. Koo likiziba, mnyama hafi, lakini hakimbii. Safisha."

Sikuwahi kuketi darasani. Kiswahili ninachokuandikisha sasa, mjukuu wangu Hodan, nilikipata kwa mtu huyo, kwa kuwa hakumpa chombo mtu aliyekinyooshea kidole. "Kiombe kwa jina lake, na kwa sentensi iliyotimia," alikuwa akisema. Mimi niliyetoka machungani nikijua Kisomali peke yake nilisimama mikono mitupu hadi nilipoweza kutamka, "Tafadhali nipatie spana namba kumi na mbili." Kwa hiyo usinisahihishe. Andika ninavyosema.

Kazi ya idara ilikuwa chanjo ya mifugo. Daktari na dawa zake walisafiri kwa gari, lakini gari halikuwa na maana yoyote iwapo wafugaji hawakuwapo kisimani. Simu za mkononi hazikuwapo. Basi mwendeshaji wa pikipiki alitangulia, akazunguka malishoni, na watu waliposikia injini yake walijua kwamba chanjo imefika, wakawageuza wanyama kuelekea kisimani. Kwetu mfugaji humtambua ngamia wake kichakani kwa koor, ile kengele ya mti inayofungwa shingoni, kwa maana kila moja huchongwa ikawa na mlio wake. Pikipiki nazo walizitambua vivyo hivyo. Walisema, "Huyo ni fulani," kabla vumbi halijaonekana.

Nilipofuzu ufundi nilipewa pikipiki, nikawa fundi na mwendeshaji kwa pamoja. Nilikuwa na shauku moja tu: mtu wa kisimani ainue kichwa, asikie injini yangu kwa mbali, aseme, "Sahal anakuja." Wengine walitaka vyeo na nyumba za mabati. Mimi nilitaka hilo.

Nilipelekwa kwanza Masalani, kule Ijara, ambako pikipiki huvushwa Mto Tana kwa mtumbwi, nawe umeishikilia kama mbuzi wa sadaka. Baadaye nilihamishiwa Wajir. Huko ndiko nilikomkuta Dekow.

Dekow alikuwa kijana wa rika langu, mrefu, mwenye meno meupe ambayo hakuyaficha kwa sababu yoyote. Hakujua kukaza nati. Alikaza kama mtu anayefunga mzigo, kwa nguvu zote na kwa mara moja. Lakini kila alipofika alikaribishwa maziwa, na mimi niliyekuja nyuma yake nilikaribishwa maji. Hilo liandike.

Mwaka huo mvua kubwa zilikata barabara, na ekzosi ya Dekow ikatoboka kwa kutu ikawa kama chujio. Vipuri vya serikali havikuwa vikifika. Ndugu yake aliyefanya kazi Nairobi akamletea ekzosi nyingine, isiyotoka kwa watengenezaji wa pikipiki ile: fupi, nyepesi, inayong'aa hata ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Dekow alikwenda nayo kwa Afisa Mifugo, mkubwa wetu, bwana mpole kutoka Meru.

Afisa aliigeuza mkononi. "Hii si ya serikali."

"Ile ya serikali imekwisha, bwana mkubwa. Imebaki jina."

"Haya. Sahal ataifunga."

Nami nikauliza, kwa heshima, kama na mimi ningeruhusiwa kutafuta ya namna hiyo.

"Yako imetoboka?"

"Bado, bwana mkubwa."

"Basi ngoja itoboke."

Hodan, tangu siku hiyo nilikagua ekzosi yangu kila alfajiri baada ya swala, nikitafuta kutu. Nilipita kwenye madimbwi ambayo mwenye akili angeyazunguka. Ekzosi ile ilikuwa na afya kuliko mimi.

Sasa nieleze ufungaji, kwa sababu vijana wa bodaboda wa leo hufunga ekzosi kama wanaofunga kamba. Kwanza, injini iwe baridi. Skurubu mbili zinazotokeza kwenye kichwa cha silinda, hizo ndizo zinazoishika shingo ya bomba, nazo zikishikwa na kutu hukatika humo humo. Kwa hiyo nilizilowesha mafuta ya taa tangu jana yake. Kati ya shingo na silinda huwekwa pete ya shaba, laini, inayobanwa mpaka izibe kila mwanya. Pete ya zamani hairudishwi. Nati hukazwa kwa zamu, hii kidogo na ile kidogo, na kishikizo cha nyuma hufungwa mwisho, bila kulivuta bomba kwa nguvu, maana chuma kilichofungwa kikiwa kimelazimishwa hupasuka njiani.

Dekow alikuwa amechuchumaa kando yangu akila tende.

"Walaal, ndugu yangu, mbona polepole hivyo? Unaitongoza?"

"Nyamaza, nisije nikakosea nikaifunga vizuri."

Alicheka. Mimi sikuwa nikitania. Nilikuwa nimeshikwa pande zote mbili: nikiifunga vibaya, watasema Sahal si fundi, nikiifunga vizuri, Dekow atapita visimani kama bwana harusi. Mkono wangu ulikataa kufanya kazi mbaya. Mpaka leo nauona mkono huu kuwa ulinisaliti.

Ekzosi iliyo wazi zaidi huivutia injini hewa zaidi, na petroli ikabaki kidogo kuliko inavyopasa. Hapo injini huchemka. Dawa yake ni jeti, kijitobo cha shaba ndani ya kabureta kinachopimia petroli. Nilitoa jeti pana kidogo kwenye pikipiki iliyokufa, nikaiweka. Kisha niliiendesha kwa kasi barabara ya uwanja wa ndege, nikaizima ghafula, nikafungua plagi kuitazama ncha yake. Ikiwa nyeupe kama jivu, petroli haitoshi. Ikiwa nyeusi, imezidi. Ile ilikuwa na rangi ya buni iliyokaangwa kwa samli. Nilikuwa nimepatia, na moyo wangu ukaniuma.

Kilichobaki kilikuwa sauti, nayo ilikuwa mbaya. Ilibweka. Dekow aliipenda hivyo hivyo, lakini nilijua kwamba kisimani ngamia wakishtuka hukanyagana. Nikaisukuma hadi soko la ngamia, nikaiwasha karibu na ngamia jike mzee aliyekuwa amelala akicheua. Akaacha kucheua. Ngamia akiacha kucheua, ujue anafikiria kuondoka. Nikaizima, nikafungua mkia wa ekzosi. Ndani kuna bomba dogo lenye matundu, limezungushiwa pamba ya kioo ili kumeza kelele. Nikaongeza pamba, nikawasha. Akaacha tena. Nikapunguza upande mmoja, nikabana upande wa pili, nikaziba baadhi ya matundu. Mwenye ngamia akaniuliza, "Warya, wewe kijana, unatengeneza pikipiki au unamganga ngamia wangu?" Niliendelea hadi jua likapinda, na mwishowe nilipoiwasha, yule jike alinitazama kwa dharau, akaendelea kucheua.

Sauti iliyotoka ilikuwa nzito na ya chini, ya kwenda mbali bila kumgusa mnyama aliye karibu. Nilisimama nikiisikiliza. Hiyo ndiyo niliyokuwa nikiitaka tangu Garissa. Kisha Dekow akaja, akapanda, akaniambia, "Allah akuzidishie," akaondoka nayo.

Baada ya hapo sina la kusimulia ila mateso. Visima vyote vya upande wetu vilimjua. Wanawake waliokuwa wakikama waliinuka. Kisima kimoja kilichokuwa nje kidogo ya mji kilikuwa na mzee aliyepanga zamu za kunywesha, jina lake Mzee Nuur. Mzee huyo akisikia mngurumo ule aliwaambia vijana, "Wapangeni ngamia, Dekow amevuka korongo." Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Ekzosi yangu ya serikali ilikuwa imenifikisha mapema zaidi, na hakuna aliyenisikia.

"Adeer, mzee wangu," nikamwambia, "sauti hiyo niliitengeneza mimi."

Mzee Nuur alinitazama kwa huruma. "Mashaallah. Na kwako mbona hukuweka?"

Mwaka uliofuata Afisa Mifugo alitakiwa amteue kiongozi wa waendeshaji wote wa Wajir, mtu wa kutangulia misafara. Nilivaa shati lililopigwa pasi. Akaniita peke yangu ofisini, jambo ambalo nililiona ni dalili njema.

"Sahal, katika ufundi humpiti Dekow kidogo tu. Unampita sana."

"Ahsante, bwana mkubwa."

"Lakini wafugaji hawaji kwa ufundi. Huja kwa sauti wanayoijua. Nimempa Dekow."

"Sauti hiyo ni yangu, bwana mkubwa."

"Najua. Ndiyo maana nataka uitunze."

Nikaitunza, Hodan. Miaka yote iliyosalia ya utumishi wangu, kila pamba ilipoungua, kila pete ilipochoka, Dekow alinisukumia pikipiki ile mlangoni, huku akila tende. Alipelekwa Mandera, akafika hadi Banissa, na huko pia wakamjua. Aliporudi aliniletea salamu za watu nisiowafahamu, waliokuwa wakimsalimu yeye. Wakuu walibadilika: Afisa wa Meru akaondoka, akaja mwingine aliyependa mikutano, kisha mwingine aliyetuita vijana ilhali ndevu zetu zilikuwa nyeupe. Kila mmoja aliwahi kuniambia, "Pikipiki ya Dekow ina sauti nzuri." Ekzosi yangu haikutoboka. Nilistaafu nayo ikiwa nzima.

Serikali ilipoziondoa pikipiki zile kuukuu, Dekow alipewa yake kwa kumbukumbu ya utumishi. Nami nilipewa saa ya ukutani. Ndiyo hiyo nyuma yako.

Msimu uliopita wa kiangazi Dekow alikuja hapa nyumbani akiisukuma, akashusha pumzi, akaketi.

"Magoti yamekataa kuipiga kiki, walaal. Ichukue."

"Niichukue kwa nini?"

"Kwa sababu ni yako. Mimi nilikuwa naipeleka matembezi tu."

Siku zote nilikuwa nimejiandaa kumshinda kwa jambo moja, walau moja, nikawaza kwamba angalau kwa moyo nitamzidi. Nikiwa na chochote, nitampa. Naye akanitangulia hata katika kutoa. Nilimpa chai. Niliitia sukari nyingi kwa makusudi, kwa kuwa daktari amemkataza, naye akaisifu.

Kesho yake niliifungua ekzosi, nikabadilisha pete, nikaisokota pamba mpya kama siku ile ya sokoni, nikaipanda. Nikavuka korongo kuelekea kisima cha Mzee Nuur. Sauti ilitoka kama nilivyoiacha, na mara hii ilikuwa chini yangu. Wanawake wakainuka. Mtoto akakimbia kando ya njia. Nakiri kwamba nilinyoosha mgongo.

Mzee Nuur sasa ni kipofu. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kisima, akainua kichwa, akatabasamu, na mimi nikazima injini nikingoja.

"Pikipiki ni ya Dekow," akasema polepole. Kisha tabasamu likaondoka. "Mkono si wake. Dekow hufunga petroli taratibu kabla ya kufika, wewe umekata ghafula. Warya! Umemfanya nini Dekow? Umeiiba wapi?"

Vijana wa kisimani wakaacha ndoo, wakanizunguka.

"Adeer, mimi ni Sahal. Yule fundi. Mimi ndiye niliyeitengeneza sauti hii."

"Wezi wote husema hivyo," akajibu mmoja wa vijana.

Mzee Nuur aliinua mkono kuwanyamazisha. "Sahal," akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa ukifika mapema, na pikipiki isiyosikika."

"Ndiye mimi."

"Nilikuwa nakusikia. Ila ukifika wewe, nilijua tu kwamba Dekow yuko njiani."

Wakaniachilia. Wakanipa maziwa, na kikombe kingine cha kumpelekea Dekow.

Watu wa umri wangu wakistaafu husema kwamba wamesamehe, kwamba kazi ilikuwa ya Mungu na jina halina uzito. Mimi sisemi hivyo. Kijana yeyote anayeisoma habari hii na ajifunze kukaza nati kwa zamu, aitazame rangi ya plagi, amsikilize ngamia akicheua. Na akishaitengeneza sauti nzuri, aifunge kwenye pikipiki yake mwenyewe kwanza.

Maziwa ya Dekow nilimpelekea. Nilifunga petroli taratibu kabla ya kufika mlangoni kwake, kama afanyavyo yeye, ili nione kama atatambua ni nani. Alitoka akichechemea, anacheka kwa meno yale yale.

"Nimeisikia tangu korongoni," akasema. "Nikamwambia mke wangu, Sahal anakuja."

Liandike hilo, Hodan. Ni yeye peke yake aliyewahi kulisema.