Kipande Nilichokihurumia

Bado nasikia mchi wangu ukiponda mifupa ya kuchoma: ko, ko, ko. Moniteri wetu wa kilimo, mwalimu wa wakulima, alikuwa amepanda mahindi kwenye vipande viwili vya shamba. Kimoja alikitia unga wa mifupa. Kingine alikinyima, ili wakulima waone jinsi udongo wetu mwekundu unavyong'ang'ania fosfori, chakula cha mimea, na kuiachia mizizi kidogo tu. Mimi, mfagiaji wake, nikakihurumia kile chenye njaa, nikakilisha unga uleule kwa siri.

Wakulima walipokuja, mahindi yalilingana. "Moniteri, unga yako iko bure!" wakamcheka.

"Baba, njo minyi," nikakiri kwamba ni mimi niliyekilisha kile kingine. "Nilisikiaka huruma."

Kicheko chote kikanihamia.

Walipoondoka, nilipanda mstari mmoja mahali pasipotiwa kitu, nikausimamia, mikono mgongoni isije ikaulisha.