Sufi, Sponji na Mkia wa Mjusi

Fundi Sufi aliliona kosa pale kava ya kwanza ya godoro ilipokatwa, akanyamaza. Ubaya ulianzia hapo, na wala tusimtetee.

Jina hilo la utani lilimganda kwa kuwa nywele zake hazikuwahi kukosa nyuzi za sufi. Yeye na mdogo wake wa kike walirithi karakana ya magodoro ya baba yao: chumba kirefu chenye dirisha moja, meza ya kukatia, cherehani, na kona ya kuchapia sufi kwa fimbo. Watu walileta magodoro yaliyobonyea, kaka akayapasua na kuichapa sufi mpaka ikatuna tena, dada akashona. Kisha sponji ikajaa madukani, na wateja wakapotea mmoja mmoja bila hata kuaga.

Dada hakukaa kulia. Alikwenda semina ya wafanyabiashara wadogo, akarudi na wanyama tele kichwani. Leo kinyonga, kesho kunguru wa mjini anayejenga kiota kwa waya akikosa vijiti. Fundi Sufi alimuuliza kama huko walifundishwa biashara au ufugaji. Dada alicheka sana. Halafu akaja na mjusi.

"Kaka, mjusi akibanwa anauachia mkia. Mkia unabaki unarukaruka pale, mwenyewe huyoo, keshaondoka. Ndivyo anavyopona."

"Haya. Na sisi tunaachia nini?"

"Sufi. Nimepata oda ya bweni, magodoro ya sponji matupu. Ile kona yako nitaihitaji."

"Kona sawa. Na mimi je?"

Dada aligeukia meza ya kukatia. Akasema wataongea oda ikiisha.

Basi kaka mtu akajua mkia ni nani. Kinyongo kilimkaa kifuani kama mwiba wa samaki kooni. Ndiyo maana dada alipoanza kukata kava, naye kaka amesimama hapo hana la kufanya, aliona na hakusema. Baba aliwafundisha wote wawili kupima kitanda, kisha kuongeza kiganja kizima kila upande, kwa sababu sufi hutuna na kuvuta kitambaa. Mkono wa dada uliongeza kiganja kwa mazoea tu. Bidhaa ilikuwa mpya, mkono ulikuwa uleule.

Sponji iliteremshwa siku ambayo matroni wa bweni angekuja kukagua mzigo. Dada aliingiza ya kwanza, akafunga zipu. Kava ikalegea kama suruali ya kuazima. Akajaribu nyingine, na nyingine. Akaketi sakafuni.

"Matroni yuko njiani. Akikuta hivi anaondoka na oda yake, kaka, na hapa tunafunga."

Fundi Sufi alikuwa ameingoja furaha ya saa hii. Haikuja. Alimwona mdogo wake pale sakafuni, akashikwa na aibu, aibu tupu.

"Umekata kwa kipimo cha sufi," alisema. "Umeongeza kiganja. Sponji haituni."

Dada aligeuka polepole. "Umelijua sasa hivi?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini. Akaumeza. "Nililijua ulipokata ya kwanza."

"Ukaniangalia nikizishona zote?"

"Nilikuangalia."

Dada aliinuka sakafuni. Alimtupia mkasi miguuni. "Fumua."

Akafumua na kutia alama upya, dada akashona. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani liliwainua vichwa. Walikuwa hawajafika nusu mlango ulipobishwa.

Matroni alibonyeza magodoro yaliyokwisha, akavuta pembe, akapinda zipu. Kisha akauona mlima wa kava zilizobaki. "Na hizi?"

Mkosaji alikuwa amesimama palepale, ilibaki kumtaja tu.

"Tulikosea kipimo, mama," alisema dada. "Sote wawili. Kesho asubuhi utayapata magodoro yote."

"Kesho asubuhi. Zaidi ya hapo natafuta fundi mwingine." Akaondoka.

Lile "sote wawili" lilimchoma Fundi Sufi kuliko tusi.

"Nilidhani unataka kunitoa," alisema.

"Nilitaka kweli, kaka." Dada alikuwa ameinamia cherehani. "Nilikosa tu mdomo wa kukwambia."

Jibu hilo alilitarajia, na bado lilimuuma mpaka akashindwa kutia mkasi kwenye uzi.

"Na sasa?"

"Sasa sijui. Wewe uliniacha nizame huku unaniona. Sijui."

Nje jua lilikuwa linashuka, na kule alikoketi Fundi Sufi kwenye kona yake alama za chaki hazikuonekana tena vizuri. "Sufi nitaitoa mwenyewe kesho," alisema. "Fimbo nazo. Ila mimi unibakishe."

Dada alisimamisha cherehani. Alisogeza kiti chake kidogo, akampisha dirishani penye mwanga.