Waya Mmoja wa Kwenda na Kurudi

Enzi zetu pale Ozi, mto unapoingia baharini, umeme wote wa kijiji ulikaa ndani ya tochi, na tochi zenyewe zilihesabika. Mawe ya tochi, yaani betri, yakichoka, mama aliyaanika juani kando ya samaki, nasi tukakatazwa kuyagusa kana kwamba ni mayai. Wajukuu zangu wa Garsen hawaniamini. Wao chaji ya simu ikipungua kidogo tu wanahema kama waliofukuzwa na kiboko.

Nilikuwa darasa la nne, msichana peke yangu kati ya wavulana. Mwalimu wetu, Mwalimu Komora, alitoka Kinakomba, mbali huko juu mtoni. Siku alipotuletea mawe mawili, balbu ndogo ya tochi na vipande vya waya, darasa zima tulinyoosha shingo. Alijaribu kupitisha umeme kwenye ukindu, haukupita. Kwenye kijiti, haukupita. Kwenye msumari, balbu ikawaka, tukapiga makofi hadi darasa la jirani likaja kuchungulia. Mimi nilikaa nyuma, vichwa vya wavulana vimenikinga, nikaona mwanga tu. Lakini maneno ya mwalimu niliyashika: umeme huenda kama maji ya mfereji, huondoka kwenye jiwe, hupita kwenye balbu, kisha hurudi kwenye jiwe. Nikajiona nimeelewa kuliko wote.

Nyumbani mambo hayakuwa mazuri. Mpunga ulianza kukomaa na ndege wakashuka kwa makundi. Baba akanung'unika kwamba wasichana wa rika langu wako shambani juu ya dungu wakiwaamia ndege, mimi nimekalia dawati. Mwalimu alipomsihi, baba alikubali jambo moja: angekuja siku ya wazazi kuona nilichojifunza. Kikimridhisha, nibaki shuleni. Kisipomridhisha, kesho yake nishike kombeo nikalinde mpunga, na habari ya shule iishie hapo.

Siku ikafika. Nikasimama mbele ya wazazi, nikaunga waya mmoja tu kutoka kwenye jiwe hadi kwenye balbu. Haikuwaka. Nikaukaza waya, nikapuliza, nikageuza jiwe, wapi! Wavulana wakaanza kucheka chinichini, na aibu ile hadi leo ikinijia naufunika uso. Baba akainuka aondoke zake.

Mwalimu hakunikaripia. Aliniuliza kwa upole waya wa kurudia uko wapi.

"Ni huu huu, mwalimu," nikamjibu machozi yakinitoka. "Maji ya kwetu huingia shambani bahari ikijaa, na ikipwa hurudi mtoni kwa mfereji ule ule."

Mwalimu aliutazama ule waya wangu mmoja. Kwao Kinakomba mto haujui kujaa wala kupwa, na mfereji wa namna hiyo hakuwahi kuuona. Akamgeukia baba, akamwambia kwamba mtoto huyu amefikiri sawasawa kwa maji aliyoyazoea, na kosa ni lake yeye aliyefundisha bila kuuliza. Umeme, akasema, hauendi hata hatua moja mpaka njia ya kurudi iwe tayari, tena iwe njia nyingine. Akanipa waya wa pili. Nikaushika ubavuni mwa balbu, ncha yake nyingine nikaibana kwenye kitako cha jiwe, na balbu ikawaka.

Baba akasogea. Akaufuata waya wa kwanza kwa kidole, kisha wa pili, kama alivyokuwa akikagua kingo za shamba. Akaniambia niutoe mmoja, ikazima. Niurudishe, ikawaka. Akanitaka nimweleze tena tangu mwanzo, nami nikamweleza bila kukwama.

"Mwalimu, huyu asome," akasema. "Ndege nitawaamia mie."

Msimu ule wote alikaa juu ya dungu, mtu mzima na ndevu zake, wenzake wakimtania kuwa amegeuka binti. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, na jioni alinisikiliza nikisoma, yeye akijibu kwa kichwa tu.

Siku hizi watoto wanabonyeza swichi ukutani bila hata kuitazama taa, na ukiwauliza umeme umepita wapi wanakucheka. Siwalaumu, wameukuta. Ila mimi kila niwashapo taa roho huniuma, maana baba alifariki nyumba yake haijapata hata balbu moja.